Fresh si Mbichi: Tangazo Langu la Maparachichi

Karatasi za manila, kalamu ya wino mzito, na herufi kubwa ambazo hata mtu asiye na miwani angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara: TUNANUNUA MAPARACHICHI MABICHI AINA YA HASS. JUMATATU SAA 2 ASUBUHI. BEI NZURI. Niliandika nakala tano. Moja nikabandika ofisi ya kijiji, moja duka la pembejeo, mbili kwenye mbao za matangazo za makanisa, na ya mwisho kijiwe cha bodaboda, maana pale ndipo habari zinapopata miguu. Nilikuwa na miaka 23, nimemaliza kidato cha sita, chuo sijapata, na hii ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mshahara: karani na mkalimani wa kituo cha kukusanyia matunda, huku kwetu Rungwe, mkoani Mbeya.

Meneja wetu alikuwa mgeni. Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante" na "pole pole". Ijumaa jioni aliniachia kikaratasi chenye sentensi moja: We buy fresh Hass avocados. Maneno matano tu. Nikajiambia hii si kazi, hii ni zawadi. Hata hivyo nilitaka uhakika, nikafungua kamusi yangu iliyopoteza jalada tangu kidato cha pili, nikateremsha kidole hadi kwenye fresh. Jibu la kwanza lilikuwa -bichi. Samaki wabichi, mboga mbichi. Nikafunga kamusi.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu, ukungu bado umelala kwenye migomba, nikakuta foleni. Viroba, ndoo, kreti za kuazima, bodaboda zilizobeba viroba viwili viwili. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama asubuhi ile. Tangazo langu limeitikiwa!

Bwana shamba wa kituo ndiye aliyenivunja. Alichukua tunda moja juu ya kiroba cha kwanza, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Ganda lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta. Hakusema kitu. Akatoa kisu, akalipasua kwa kulizungusha, akatenganisha vipande viwili. Nyama ilikuwa ngumu na ya majimaji. Akachokoa kokwa kwa ncha ya kisu, akaniletea machoni. Kokwa ilikuwa imevaa ngozi nene, nyeupe, iliyong'ang'ania nyama. Kwenye tunda lililokomaa ile ngozi huwa nyembamba, ya kahawia, imekauka kama karatasi. Akaenda kiroba cha pili, akapasua. Cha tatu. Alipofika cha tano akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini ambayo ningependa iwe ya juu: "Hivi wewe uliwaambia nini hawa watu?"

Kwa asiyelijua parachichi, tunda hili lina ukaidi wake. Haliivi mtini. Hukomaa mtini, halafu likishachumwa ndipo linaiva, siku kadhaa baadaye, ndani ya kapu au kwenye gunia. Kukomaa na kuiva ni mambo mawili, na mkulima wa Rungwe anayatofautisha bila kufikiri. Ukilichuma kabla halijakomaa, hata ulifunike blanketi halitaiva. Litanywea tu liwe kama raba ya ndala. Ndiyo maana vituo hupima kile sisi tulichokiita draimata, yaani kinachobaki baada ya maji yote ya tunda kukaushwa. Unakwangua nyama, unapima uzito, unakausha kwenye maikrowevu, unapima tena mpaka uzito uache kushuka. Kiwango cha kimataifa kwa Hass ni kuanzia asilimia 21. Sampuli zetu za siku ile zilitoa 15, 16, moja ikajikongoja hadi 17.

Katika foleni alikuwepo bibi mmoja mwenye kreti tatu, amekuja na mjukuu wake. Nilimwendea kwa sababu uso wake ulikuwa mpole, nikidhani ataniwia radhi upesi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyeandika pale kanisani?"

"Ndiyo bibi, ni mimi."

"Uliandika mabichi?"

"Niliandika mabichi, bibi."

"Basi, haya hapa mabichi." Akainama, akashika tunda, akaligonga kwa ukucha. "Sisi tulishangaa. Mzee wangu alisema hawa wazungu labda wana dawa wanayotengeneza. Nikamwambia, sisi tunauza, wao watajua wenyewe. Kama mlitaka yaliyokomaa, mngesema yaliyokomaa."

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Katika foleni nzima hakuna aliyekosea kusoma. Niliandika "mabichi" na wakaleta mabichi, tena wengine waliacha makusudi yale makubwa yaliyofifia ganda, wakichagua machanga ili wasirudishwe. Kituo hakikuweza kununua hata kilo moja. Nilinunua kreti moja ya yule bibi kwa mshahara ambao nilikuwa sijaupokea, nikayapanga matunda chini ya kitanda, na kwa wiki mbili nilikuwa nikiamka nayatazama yanavyokunjamana. Lakini kreti moja ni nini? Watu walikuwa wamechuma miti yao mapema, na tunda likishachumwa halirudishwi mtini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko kelele za meneja.

Na kelele zake, kusema kweli, ndizo zilizonifundisha. Nilipomtafsiria kilichotokea alishika kichwa, akarudia neno lake mara tatu, fresh, fresh, fresh, kama mtu anayeita mbwa. Kisha akanivuta ofisini na kunionyesha karatasi ya bei. Ilikuwa na safu mbili. Juu ya safu moja kumeandikwa fresh, juu ya nyingine oil. Matunda ya safu ya pili ni yale yaliyodondoka, yenye makovu, yaliyochubuka, yanayokwenda kukamuliwa mafuta. Ya safu ya kwanza ni yale yatakayofika kwa mlaji yakiwa matunda. Kwake yeye neno lile halikuhusu umri wa parachichi wala saa lilipochumwa. Alimaanisha tu: si ya mafuta.

Nikawaza jambo lililonichekesha katikati ya aibu. Matunda yale ya safu ya kwanza hupakiwa kwenye kontena la baridi, nyuzi 5 au 6 hivi, yakasafiri baharini kwa majuma. Yakifika dukani Ulaya yana karibu mwezi tangu yaache mti, na bado yanaitwa fresh, kwa haki kabisa, kwa sababu hayakugandishwa, hayakukaushwa, hayakutiwa kwenye kopo. Ya bibi yalichumwa alfajiri ile ile, yana umande, na hayakuwa fresh.

Tangu siku ile nimekuwa na tabia ambayo wenzangu wananicheka nayo. Nikikutana na hilo neno siulizi maana yake. Nauliza linabishana na nani. Fresh hapa imesimama kinyume cha kitu gani? Cha kuoza? Cha kukauka? Cha chumvi? Cha kugandishwa? Cha zamani? Ukishamjua adui wake katika sentensi ile, Kiswahili chake kinakuja chenyewe, na mara nyingi hakitakuwa -bichi.

Maana -bichi nayo nimeichunguza, kwa hasira kidogo, kama mtu anavyomchunguza rafiki aliyemponza. Nguo mbichi ni ile iliyofuliwa haijakauka. Kuni mbichi zinatoa moshi. Rangi mbichi itakuchafua ukiegemea. Yai bichi halijaona moto. Nyama mbichi iko buchani. Ndizi mbichi inakwenda chunguni, na hapa Tukuyu ndiyo chakula chenyewe. Kidonda kibichi bado kinavuja. Ukiyapanga yote mezani utaona kwamba hakuna anayesifiwa. Bichi inakuarifu tu kwamba jua, moto au muda haujamaliza kazi yake juu ya kitu hicho. Wakati mwingine ni habari njema, kama kwa samaki. Wakati mwingine ni onyo, kama kwa rangi. Fresh ya Kiingereza mara nyingi inasifu. Mfanyabiashara anaiandika kwenye ubao ili ununue. Hakuna muuza duka wa Uingereza atakayeibandika kwenye tunda kukuonya kwamba halijakomaa. Kwa hilo wana neno jingine, unripe, na kwa nyama isiyopikwa wana raw. Sisi -bichi yetu inabeba yote matatu mgongoni.

Mfano wa maziwa ndio ninaoupenda. Ingia kibanda chochote cha chai kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa uagize maziwa freshi. Utaletewa kikombe cha moto kilichochotwa kwenye sufuria iliyokuwa jikoni tangu asubuhi, chenye utando juu. Yamechemka, yamechemka tena, na ni freshi, kwa sababu pembeni kuna ndoo ya mgando na freshi hapo inabishana na mgando. Sasa kuna mgeni mmoja, mtafiti wa mambo ya kilimo, nilifuatana naye kwa siku chache. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa bidii, vitabuni. Akaagiza kwa ufasaha: "Naomba maziwa mabichi." Dada wa kibanda akasita, akanitazama mimi. "Mabichi kabisa, kaka? Hatuyauzi hivyo, ataumwa." Na yuko sahihi, maziwa ambayo hayajachemshwa yanaweza kumletea mtu homa ya brusela, na wafugaji wanaijua vizuri. Mgeni alipewa jibu lile lile nililopewa mimi na kamusi, kwa hiyo sikumcheka. Niliagiza kwa niaba yake, akanywa vikombe viwili.

Upande wa maji niliteleza kwa kinyumenyume. Siku nyingine nikiwa mkalimani wa wageni Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mvuvi mmoja alikuwa anawaeleza juu ya usipa. Akasema hawa ni samaki wa maji baridi. Nikatafsiri papo hapo: cold water fish. Mgeni mmoja akavua kiatu, akatia mguu majini, akanitazama. Maji ya Kyela mchana, nani asiyejua, ni ya kuogea mtoto. Mvuvi alimaanisha maji yasiyo ya chumvi, fresh water, kama tunavyosema siku zote, na mimi mwenye cheti cha kidato cha sita nikaenda kuyapima joto. Ni bahati kwamba hatukuwa Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi. Sijui ningesema nini.

Baadaye niligundua jambo ambalo lilinifariji. Katika Kiingereza cha kale kabisa neno hili, likiandikwa fersc, lilikuwa na maana ya kutokuwa na chumvi. Yaani maji ya Kyela ndiyo nyumbani kwake hasa, na maparachichi ni safari za baadaye. Wafaransa nao wana frais, inayobeba ubaridi na hali ya kuwa fresh kwa pamoja, kwa hiyo si sisi peke yetu tuliofunga fresh na baridi kwenye kamba moja. Laiti ningelijua hilo siku ya mguu majini, ningejitetea.

Lakini vituko vya kwanza kabisa vya neno hili nilivipata shuleni, kabla hata sijajua kama vitanifaa. Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, dada mchangamfu aliyefundisha Kiingereza na hisabati. Siku ya kwanza aliingia darasani akauliza, "How are you?" Darasa lote, vijana 60 na ushee, tukaunguruma: "Fresh!" Akacheka mpaka akakaa. Kwetu halikuwa kosa. Ukiniuliza "Mambo?" nitajibu freshi, na ukiwa Mbeya mjini utalisikia mara 20 kabla hujavuka stendi. Yeye alituambia kwa upole kwamba kwa Kiingereza cha kwao mtu anaweza kusema anajisikia fresh baada ya kuoga au kulala vizuri, ila si jibu la salamu. Tulimwitikia, kesho yake tukaunguruma vilevile.

Kisha siku moja akapekua sanduku la chaki, akasema kwa huzuni, "We're fresh out of chalk." Kiranja wetu akasimama kwa furaha. Alisikia fresh, alisikia chalk, akajua kuna chaki mpya zimetolewa mahali. Akatoka mbio hadi ofisi ya taaluma, akarudi akisema hazipo. Mwalimu akasema ndiyo, hazipo, ndicho nilichosema. Fresh out of ni tumeishiwa, tena sasa hivi. Nimelifikiria sana hilo. Yale yote mazuri ya fresh yanageuka kuwa sanduku tupu kwa ajili ya vineno viwili vifupi vinavyolifuata.

La tatu lilimpata jamaa yangu tuliyekaa dawati moja, kijana wa maneno mengi. Alimjibu mwalimu utani uliovuka mpaka kidogo, na mwalimu akakunja uso: "Don't get fresh with me." Jamaa akatabasamu darasa zima, akidhani ameambiwa yuko freshi. Akaongeza utani mwingine. Alimalizia kipindi nje, chini ya mti, na hata pale alikuwa hajui kosa lake. Maana hiyo ya Kimarekani ni ya ufidhuli, utovu wa adabu, na hasa mwanamume anayemzoea mwanamke kupita kiasi. Wanaofuatilia asili ya maneno wanaihusisha na frech ya Kijerumani, yenye maana ya mtovu wa adabu, ambayo huenda ilikutana na fresh huko Marekani katika karne ya 19 wahamiaji wa Kijerumani walipokuwa wengi, na kwa kufanana sauti zikavaa koti moja. Kwa hiyo ukiliona pamoja na get na with, kaa kimya.

Mengine ni mepesi. Fresh air ni hewa safi, na kwa Tukuyu ni kitu tunachokipata mpaka tunapigwa na mafua. Fresh graduate ni mhitimu mpya asiye na uzoefu, na kuwaona wakiitwa hivyo kwenye matangazo ya kazi hunikumbusha ndizi. Fresh bread ni mkate wa leo. Fresh start ni kuanza upya. Fresh news ni habari mpya, zile ambazo sisi tunazipenda zikiwa moto. Na ukiandika CV, tafadhali, usijiite fresh person.

Turudi kituoni. Sikufukuzwa. Meneja alisema adhabu yangu ni kuandika tangazo jingine, na bwana shamba akasema safari hii lisomwe kwanza na mwenye miti. Nikapanda hadi kwa yule bibi, mwendo wa nusu saa kwa mguu, nimebeba manila mpya chini ya kwapa na mvua inaanza. Alinikaribisha jikoni, akanipa kiti cha karibu na moto. Tukaanza kuandika. Mimi nasema, yeye anakataa. Niliposema "maparachichi mazuri" akasema kila mtu ana mazuri. Niliposema "makubwa" akasema ukubwa si ukomavu, lipo dogo lililokomaa. Ikatuchukua chai mbili. Mwishowe ikawa hivi: TUNANUNUA MAPARACHICHI YA HASS YALIYOKOMAA. YASIYONG'AA. MAGUMU, HAYAJAANZA KULAINIKA. YAKATWE KWA MKASI, KIKONYO KIBAKI. YALIYODONDOKA CHINI YALETWE KANDO, BEI YAKE NI YA MAFUTA.

Akaniambia nisome tena kwa sauti. Nikasoma. Akatikisa kichwa kuridhika, akasukuma kuni, halafu akauliza, "Na lile neno la yule mzungu wako lilikuwa lipi hasa, lililoleta mabichi?"

"Fresh, bibi."

"Freshi?"

"Ndiyo, fresh."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyepita mlangoni kwa kubomoa ukuta. "Sasa mjukuu wangu," akasema, "si ungeandika freshi tu?"